Waipa Zimegoma? Zisikilize Kabla Hujafungua Kitu

Wengi wanaoniletea gari lenye waipa mbovu huja na jibu tayari: "Fundi, mota imekufa." Mota ya waipa haifi kirahisi hivyo. Kazi yangu ni umeme wa magari, na mota nilizozikuta zimekufa kweli ni chache kuliko zile zilizotolewa zikiwa nzima, zikawekwa mpya, na ugonjwa ukabaki palepale. Kilichokuwa kimekufa ni fyuzi, au waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari) ulioliwa na kutu, au kikombe cha plastiki kidogo kama kifuniko cha chupa kilichochomoka kwenye vyuma.

Ndiyo maana nina utaratibu ambao siuachi. Mwagia kioo maji kwanza, maana waipa hazijaribiwi kwenye kioo kikavu. Funga milango, zima redio na feni, washa ufunguo bila kupiga starti, weka waipa kwenye mwendo wa polepole, kisha nyamaza usikilize. Kama ni kimya kabisa, mara nyingi umeme haufiki kwenye mota au umekosa njia ya kurudi. Kama mota inanguruma lakini waipa zimelala, umeme upo na chuma ndicho kilichoachia. Kama inagugumia na waipa zinajikokota, ama kuna kitu kimekaza ama umeme unafika nusu. Ukishajua umesikia ipi kati ya hizo tatu, nusu ya kazi imeisha.

Neno moja la usalama kabla ya spana. Mota hii ni ndogo, ila imefungwa giya ya kupunguza mwendo, hivyo nguvu inayotoka upande wa pili ni kubwa kuliko unavyodhani. Waipa iliyokwama inaweza kuachia ghafla na kukubana vidole. Kila unapoingiza mkono kwenye vyuma vyake, toa ufunguo na uchomoe waya hasi wa betri. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Swichi mtu anaweza kuigusa akiwa anakuuliza unafanya nini humo.

Ikiwa kimya kabisa

Anza na fyuzi. Mchoro huwa nyuma ya kifuniko cha boksi la fyuzi au kwenye kitabu cha gari. Tafuta alama ya kioo chenye waipa. Fyuzi ya waipa za mbele kwa kawaida ni kati ya ampea 15 na 30, na pampu ya maji mara nyingi ina yake peke yake, ndogo zaidi. Usiridhike na kuitoa na kuiangalia kwa macho. Ikiwa bado imekaa mahali pake, mgongoni utaona vitundu viwili vyenye chuma. Bana testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, kwenye ethi, washa ufunguo, gusa kila kitundu kwa ncha yake. Taa ikiwaka kote kuwili, fyuzi ni nzima, songa mbele. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka popote, umeme haufiki hata kwenye fyuzi, lakini kwanza gusa chanya ya betri kuhakikisha kwamba testa yenyewe ina ethi nzuri.

Fyuzi haikatiki bure. Weka nyingine ya ampea zilezile, kisha uangalie inakatika lini. Ikikatika papo hapo unapowasha ufunguo, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Ikivumilia mpaka waipa zinapoanza kutembea ndipo inakatika, mota inabebeshwa mzigo: vyuma vimekaza au raba imegandia kioo. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kile kipande cha waya ambacho wengine hukichomeka "kwa muda", ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi na kuupeleka kwenye waya zilizo nyuma ya dashibodi. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari lililofanyiwa hivyo nikakuta waya za waipa zimeyeyuka ngozi na kugandana na za taa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa shafti iliyokauka grisi.

Fyuzi ikiwa nzima, funga boneti halafu ujaribu tena. Sitanii. Baadhi ya magari yana swichi kwenye kufuli ya boneti inayokata waipa boneti ikiwa wazi, ili mikono isije ikapigwa. Mtu hufungua boneti atazame, anaona mota haizunguki, anaanza kuifungua.

Baada ya hapo rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe, kama gari lako linayo kwenye boksi. Mara nyingi jirani yake kuna nyingine yenye namba ileile mgongoni, ya honi au ya taa. Badilishana. Waipa zikiamka na honi ikinyamaza, umeshapata jibu bila kununua chochote.

Sasa nenda kwenye mota. Kwa magari mengi imejificha chini ya lile kava la plastiki lililo kati ya boneti na kioo. Chomoa soketi yake, mtu mwingine aweke swichi kwenye mwendo wa polepole, na wewe upime matundu ya soketi, moja baada ya jingine. Umeme ukiwepo na mota ilikuwa kimya, usiihukumu bado: pima ethi. Rudisha soketi, chukua waya mnene, ushike kwenye hasi ya betri na upande wa pili uguse bodi ya mota, au waya wake wa ethi kama mota imekaa kwenye raba. Mota ikifufuka hapo, kinachohitaji kusafishwa ni bolti ya ethi: ifungue, isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, paka grisi kidogo juu. Mota ngapi zimetupwa kwa sababu ya bolti hiyo, sijui nianzie wapi.

Umeme upo, ethi ipo, na bado kimya? Igonge mota kwa mpini wa bisibisi huku swichi ikiwa imewashwa, vidole vikiwa mbali na vyuma. Ikiruka na kuanza kuzunguka, brashi za kaboni zilizo ndani, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha. Itakufikisha unakokwenda, ila usiitegemee kwa safari ijayo. Hii ndiyo hali pekee ambayo mimi mwenyewe huandika "mota" kwenye karatasi ya vipuri bila kusita.

Na kama soketi haina umeme huku fyuzi na rilei ni nzima, basi ni swichi ya kwenye usukani au waya wa katikati. Swichi hujitambulisha: ukiipeleka juu chini polepole, au ukiibana pembeni, waipa zinashtuka kidogo kisha zinalala. Ndani yake kuna visahani vya shaba ambavyo huungua na kuwa vyeusi.

Kwa magari mapya ongeza tahadhari. Mota nyingi za sasa zina kompyuta yake ndogo ndani, na kwenye soketi utakuta waya tatu tu: umeme wa moja kwa moja, ethi, na mmoja wa mawasiliano. Huo wa mawasiliano usiuguse kwa testa ya taa. Tumia mita ya kupimia umeme kuthibitisha kwamba umeme na ethi vipo. Vikiwepo, kazi iliyobaki ni ya mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na hapo mpelekee mwenye nayo.

Mwendo mmoja upo, mwingine haupo

Mota ya kawaida ya waipa ina brashi tatu. Mbili zinakabiliana na ndizo za mwendo wa polepole. Ya tatu imewekwa kando kidogo, na umeme ukipita kwayo mota inakwenda kasi zaidi. Kwa hiyo mwendo wa kasi ukipotea na wa polepole ukabaki, mota kwa jumla ni nzima, fyuzi ni nzima, ethi ni nzima. Kilichobaki ni brashi hiyo ya tatu, waya wake, au kituo chake kwenye swichi. Pima soketi mtu akiwa ameweka kasi. Umeme ukifika, ni brashi. Usipofika, rudi nyuma kuelekea swichi.

Ule mwendo wa kupangusa na kupumzika una kipima muda chake. Kwenye magari ya zamani kiko ndani ya rilei. Kwenye mengine kimo kwenye swichi au kompyuta ya bodi. Ukipotea huo tu, mota iache kabisa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao watu huuogopa kwa sababu haueleweki: ukizima waipa, zinasimama pale zilipofika, hata katikati ya kioo, au kinyume chake, ukizima haziachi. Ukielewa jinsi waipa zinavyolala, hofu inaisha. Ndani ya boksi la giya la mota kuna sahani yenye njia ya shaba inayozunguka pamoja na giya. Unapozima swichi, umeme wa kawaida unakatika, lakini njia hiyo ya shaba inaendelea kuilisha mota mpaka waipa zifike chini. Hapo shaba ina pengo, umeme unakatika, na waya mbili za mota zinaunganishwa pamoja ili ijifunge breki na isipitilize. Sasa fikiria: shaba ikichafuka au ikiungua, mota haipati ule umeme wa kumalizia, na waipa zinasimama palepale ulipozima. Vidole vya chuma vinavyoigusa shaba hiyo vikigandana nayo, au rilei ikinata, pengo halifanyi kazi na waipa hazilali.

Mota nyingi za zamani zina kifuniko cha boksi hilo kilichofungwa kwa skrubu chache. Ukikifungua utakuta grisi iliyozeeka, nyeusi, imeganda juu ya shaba. Futa kwa kitambaa, safisha shaba kwa msasa laini kabisa, inua kidogo vile vidole vya chuma vinavyoigusa ili viikandamize vizuri, weka grisi mpya kwenye meno ya giya na uiweke mbali na shaba. Hii ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye mkono mtulivu, na huokoa mota nzima. Kabla ya hapo, lakini, hakikisha ule umeme wa kumalizia unafika kwenye soketi swichi ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa. Usipofika, sahani haina kosa.

Mota inanguruma, waipa zimelala

Hapa umeme ushatoka kwenye kesi. Inua mkono mmoja wa waipa uliokwama na uusukume taratibu kwa vidole kulia na kushoto. Ukicheza kirahisi, umeachia mahali fulani.

Mahali pa kwanza ni nati ya mkono wenyewe, chini ya kile kikofia cheusi. Shafti ina meno madogo ya chuma cha pua au chuma cha kawaida, kichwa cha mkono mara nyingi ni aluminiamu laini. Nati ikilegea, meno ya mkono ndiyo yanayoliwa. Ukiwahi mapema, kuikaza tu kunatosha. Ukichelewa, mkono utateleza tena mvua kubwa ya kwanza, na hapo badilisha mkono. Shafti kwa kawaida hupona, isugue tu kwa brashi ya waya uondoe unga wa aluminiamu uliojaa kwenye meno.

Kuutoa mkono kuna adabu yake. Hakikisha waipa ziko mahali pake pa kulala, kisha bandika tepu ya karatasi kwenye kioo chini ya kila raba, sambamba nayo, hiyo ndiyo alama yako ya kurudishia. Fungua kikofia, legeza nati mizunguko miwili mitatu lakini usiitoe, ili mkono ukiachia ghafla usikurukie. Usimamishe mkono, utikise ubavu kwa ubavu. Ukigoma, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, subiri, tikisa tena. Ukizidi kugoma tumia kifaa kidogo cha kuvuta chenye meno mawili. Nyundo iweke mbali. Kugonga shafti kwa juu kunavunja kikombe au buchi (pete ambamo shafti huzunguka) iliyo chini, na utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Maji ya moto nayo yanalegeza aluminiamu vizuri, ila usiyamwage karibu na kioo kilichopoa sana, kinaweza kupasuka.

Mikono yote ikiwa imekaza na bado waipa hazitembei, fungua kava. Humo utaona mota, mkono mfupi unaotoka kwenye shafti yake, na fimbo mbili zinazopeleka mwendo kwenye shafti za waipa. Kila kiungo ni tufe dogo la chuma lililobanwa ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki ikichakaa, kikombe kinachomoka. Upande mmoja ukichomoka, waipa moja inafanya kazi na nyingine imelala, na dereva anashangaa inawezekanaje mota iwe nzima nusu. Tazama fimbo kwa makini, utaona moja inaning'inia. Unaweza kuirudisha kwa kuibana na koleo kubwa mpaka ilie "tak", na itafanya kazi, lakini ikishachomoka mara moja itarudia. Vikombe vipya vya peke yake hupatikana kwa magari mengi. Kwa mengine huna budi kununua fimbo zote pamoja. Sipendi kufunga kiungo hicho kwa waya kama nionavyo mara kwa mara. Waya unakaza pembe ambayo inatakiwa kuzunguka, na mzigo unarudi kwenye mota.

Ukiwa humo, angalia pia nati inayoshika ule mkono mfupi kwenye shafti ya mota. Ikilegea, mota inazunguka peke yake na kila kitu kingine kimetulia.

Zinajikokota

Waipa zinazokwenda kwa uchovu, zinazopunguza kasi zikipanda na kuongeza zikishuka, zinasimama kisha zinaendelea baada ya dakika kadhaa: hapa ndipo watu hununua mota mara mbili. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake inayokata umeme zikizidiwa, kisha inaurudisha zikipoa. Kusimama huko si kufa, ni kulalamika.

Kipimo ni rahisi. Toa ufunguo, chomoa hasi ya betri, tenganisha fimbo na mota. Zungusha vyuma kwa mkono: shafti za waipa zinatakiwa kugeuka laini bila kukwaruza. Ikiwa moja inahitaji koleo, umempata mwizi. Hukauka kwa sababu maji yanaingia juu yake na grisi inaoshwa. Nyingine huwa na kipete kidogo juu. Ukikitoa shafti inashuka chini, unaisafisha kutu, unapaka grisi nzito, unairudisha. Nyingine zimefungwa kiwandani, na hizo unalazimika kutumia mafuta ya kulainisha kutu na uvumilivu, au kununua fremu mpya.

Vyuma vikiwa laini, rudisha betri na uendeshe mota ikiwa peke yake. Ikienda kwa nguvu, haina kosa. Ikienda kwa uchovu hata bila mzigo, pima volti kwenye soketi ikiwa inazunguka. Betri nzima iliyotulia ina volti 12.6 hivi, ukikuta mota inapata volti 10, umeme unapotea njiani, kwenye swichi iliyoungua au soketi yenye ukungu wa kijani. Upande wa ethi, weka mita kati ya bodi ya mota na hasi ya betri, mota ikizunguka: zaidi ya robo volti hivi, kasafishe ethi.

Na usifunge kava kabla hujasafisha humo ndani. Majani yanayojikusanya chini ya kioo huziba matundu ya kutolea maji, maji yanasimama, mota na shafti vinaoga kila mvua inaponyesha. Nikiona majani yaliyooza humo, huwa nimeshajua nitakachokikuta kwenye shafti.

Zinatembea lakini hazifuti

Soma alama zilizobaki kwenye kioo. Mistari myembamba ni raba iliyochanika au yenye mchanga. Mkanda mpana usioguswa ni bledi (ile sehemu inayoshika raba) iliyopinda au springi ya mkono iliyolegea. Ukungu unaobaki kila ikipita ni mafuta au nta kwenye kioo, na hapo raba mpya haitasaidia kitu. Kuruka-ruka kwa upande mmoja tu ni raba iliyogandia kulala upande mmoja, au mkono uliopinda.

Safisha kwanza, nunua baadaye. Osha kioo kwa maji ya sabuni ya vyombo, suuza sana, kisha kifute kwa spiriti. Raba nayo ifute kwa kitambaa chenye spiriti, ukivuta kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka kitambaa kisitoke cheusi tena. Kuruka kukiendelea, toa bledi na utazame ncha ya mkono kutoka pembeni: uso wake bapa unatakiwa kuwa sambamba na kioo, ili raba isimame wima na iweze kulala upande huu ikipanda na upande ule ikishuka. Ikiwa imepinda, inyooshe kwa spana mbili, kidogo kidogo, mbali na kioo.

Na unapotoa bledi, tandika taulo lililokunjwa kwenye kioo. Mkono mtupu ukikuponyoka, springi inaushusha kwa nguvu ya kutosha kupasua kioo cha mbele. Ukinunua bledi, pima kila upande kivyake; ya dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria, na 600 milimita ndiyo ile inayoandikwa inchi 24. Ndefu kuliko inayotakiwa itagonga nguzo au mwenzake. Raba hukaza kwa jua hata kama mvua hainyeshi, kwa hiyo mimi hubadilisha kila mwaka bila kusubiri ilie.

Gari lenye waipa za kujiendesha zenyewe likianza kufuta kioo kikavu, au likikataa kufuta chenye maji, usitafute mota. Angalia kile kitambuzi cha mvua nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Kinatumia mwanga unaopita kwenye kioo, na kimeshikizwa kwa kipande cha jeli angavu. Kioo kikibadilishwa na jeli ikabaki na mapovu ya hewa, kitambuzi kinaona mvua isiyokuwepo.

Maji hayatoki

Tena, sikiliza. Bonyeza mtu wako akiwa karibu na tanki. Pampu ikilia na maji hayatoki, ni njia ya maji. Pampu ikinyamaza, ni umeme.

Ikilia, hakikisha tanki lina maji. Nacheka, lakini limenitokea sana, na pampu hizi hupozwa na maji zinayoyasukuma; zikizunguka kavu kwa muda zinaungua. Usibonyeze zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Kisha chomoa mpira mwembamba pale unapoingia kwenye kirusha maji cha boneti na ubonyeze tena. Maji yakiruka hapo, tundu la kirusha ndilo limeziba: lichokonoe kwa sindano nyembamba, kutoka nje, halafu puliza hewa kutoka upande wa mpira ili uchafu usirudi ndani. Yasipofika hapo, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Njiani kuna vali ndogo inayozuia maji kurudi tankini. Huziba, na huwa na upande, kwa hiyo ikirudishwa kinyume hakuna tone litakalopita. Angalia mpira kwenye bawaba ya boneti, hupasuka hapo.

Maji yakikosekana hata kwenye mdomo wa pampu, ivute pampu kutoka kwenye tanki. Imebanwa tu kwenye raba. Weka ndoo chini. Nyuma yake kuna kichujio kidogo, na humo utakuta ute: ule unaoota kwenye maji yaliyokaa, uliochanganyika na mabaki ya sabuni ya unga. Sabuni ya unga isiingie humo kamwe. Haiyeyuki yote, inatoa povu, inakauka kwenye vitundu. Tumia maji ya kuoshea kioo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mahali penye baridi ya kugandisha hilo si hiari, kwa sababu maji matupu yakiganda yanapanuka na kupasua tanki na pampu. Ile dawa ya kupozea injini siyo mbadala. Ni sumu na inaacha utelezi kwenye kioo. Kabla ya kumimina chochote, angalia alama kwenye kifuniko: ya kioo ina mchoro wa kioo na maji yanayoruka.

Pampu ikiwa kimya, fyuzi yake kwanza, kisha soketi: mtu akibonyeza, mita isome volti 12 hivi. Ukipata, pampu imekufa, nayo hubadilishwa kwa dakika chache. Kwenye gari lenye pampu moja ya mbele na nyuma, pampu huzunguka upande mmoja kwa kioo cha mbele na upande wa pili kwa cha nyuma. Umeme hugeuzwa chanya na hasi. Kwa hiyo mbele ikifanya kazi na nyuma ikakataa, usibadilishe pampu kabla hujapima ule mgeuko.

Maji yakiruka juu ya paa au kwenye boneti, kirusha chenye kijitufe hugeuzwa kwa sindano. Lenga juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa sababu ukienda kasi upepo unayashusha.

Ya nyuma

Waipa ya nyuma huuawa na kutotumiwa. Shafti yake imesimama nje kwenye maji na vumbi, na mwenye gari anaiwasha mara chache, inakauka. Dawa ni ileile ya shafti za mbele. Ikiwa imekosa umeme, kabla ya kufungua mlango wa buti tazama ile raba yenye mikunjo inayopitisha waya kutoka bodi kwenda kwenye mlango. Waya hukatika humo ndani kwa kukunjwa kila unapofungua na kufunga, na mara nyingi taa ya namba au kufuli ya buti huanza kusumbua wakati huohuo. Unganisha kila uliokatika kwa kipande cha waya laini wa unene uleule, uongeze urefu kidogo, na uhakikishe maungio hayakai kwenye mkunjo.

Mpira wa maji ya nyuma unapita njia hiyohiyo. Ukiachia, unapobonyeza maji yanamwagika ndani ya gari, nyuma ya plastiki za paa au pembeni mwa buti, ambako kuna soketi za waya. Ukiona nyuma hakuna maji na tanki linapungua, acha kubonyeza. Inua kapeti la buti uguse chini yake. Likiwa na unyevu, toa plastiki ya pembeni, fuata mpira mpaka kwenye kiungo kilichoachia, kata ncha iliyolegea kiasi cha sentimita moja ili upate mpira unaobana, uurudishe, na uache plastiki nje mpaka kapeti likauke.